Simu Mbili Zilizokatika

Mhandisi Refaat alikutwa amelala kifudifudi katika chumba cha kompyuta cha hospitali, sigara imezimikia vidoleni. Gesi ya kuzima moto ilikuwa imemmaliza. King'ora hakikulia.

Gesi ilipopungua, Mkaguzi Wagdi wa polisi wa Mansoura, Misri, alikutana mlangoni na Emad, msaidizi wa marehemu.

"Tafadhali, basha, wewe kwanza," Emad alisema, akimwita kwa neno la heshima la Kimisri.

"Wallahi, wewe."

Wakasimama hapo, kila mmoja akimpisha mwenziwe, maiti ikiwasubiri.

"Moshi wake ndio ulioamsha gesi," Emad alisema. "Tulimkanya, mzee hasikii."

"Anavuta humu kila siku?"

"Kila siku. King'ora kikilia, anatoka mbio kabla gesi haijafunguka, anacheka."

"Leo mbona kimenyamaza?"

"Waya umelegea."

Wagdi akatazama skrini. Kompyuta ya gesi na ya king'ora zilikuwa zikiungana, zikikatika, zikiungana tena.

"Waya uliolegea unafanya hivi? Nieleze kama unamweleza mama yako."

Emad akaionyesha skrini kwa kidole. "Zikiwaka, zote hupigiana simu kwa mpigo. Zinakuwa simu mbili. Kanuni ni moja kwa zote mbili: ibaki iliyopigwa na king'ora, nyingine ikatwe."

"Hapa kila moja inaikata ya kwake, inaipisha ya mwenziwe, na king'ora hakipati habari. Kama sisi pale mlangoni. Mtu kageuza kanuni upande mmoja."

"Labda Refaat mwenyewe."

"Labda."

Muuguzi Abir akaingia anahema. "Basha, king'ora cha watoto njiti hakiitiki! Chao kiliharibika, jana Refaat akaiunganisha wodi yao na hiki!"

Emad akapauka. Binti yake mchanga alikuwa wodini humo, ndani ya kisanduku cha joto.

"Imegeuzwa kwenye kompyuta ya king'ora!" akapiga kelele. "Niacheni nirudishe!"

Wagdi akamdaka mkono. "Nani kageuza?"

"Mimi! Refaat alisema atanifukuza Alhamisi. Nikifukuzwa, bima inakufa, mwanangu anatolewa kisandukuni. Niachie, basha, nakuomba kwa uhai wa wanao!"

Wagdi akamwachia, akasimama nyuma yake. Emad akabonyeza vitufe. Simu moja ikakatwa. Moja ikabaki.

Papo hapo, king'ora cha wodini kikalia.

Abir akapanda ngazi mbio kwenda wodini. Emad akanyoosha mikono apokee pingu, macho yake kwenye dari.

"Ni mtoto wa nani?" akanong'ona. "Basha, waulize ni wa nani."

King'ora kikakoma. Kisha sauti ya Abir ikashuka ngazini:

"Ni wako, Emad! Anapumua!"