Dereva wa Gari la Jua

Ijumaa ile mchana stendi ilikuwa imefurika. Makondakta walinyang'anyana abiria, spika za wauza simu zikashindana kwa kelele, na katikati ya vurugu hiyo msichana mmoja mwenye gauni la njano alivua viatu, akapanda kwenye mzani wa mzee mpima uzito.

"Arobaini na saba," mzee akasoma.

"Arobaini na saba!" Sauti ya kiume ikadakia nyuma yake. "Samahani, dada, unajua kuendesha gari?"

Aligeuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limetoboka matundu ya kuungua, vipande vya nyaya vikichungulia mfukoni.

"Na wewe ni nani, wa kusikiliza kilo za watu?"

"Nasoma umeme, mwaka wa tatu. Tunaunda gari la kutumia jua, la mashindano ya vyuo. Dereva akizidi kilo hamsini, linakuwa zito. Nahodha wetu ana themanini, na kula haachi."

Msichana alicheka bila kutaka. "Baba yangu ni dereva wa lori. Mimi nimeshika usukani kabla sijajua kusuka nywele."

"Basi Mungu amekuleta kwangu."

"Mungu hakunileta kwako. Nimekuja kujipima."

Hata hivyo namba ya simu alimpa. Kumbe walikuwa chuo kimoja. Msichana alisoma historia na hakuwahi kukanyaga karakana. Kijana yule wenzake walimwita Waya. Naye akambandika msichana jina la Kilo, na wiki haikuisha kabla timu nzima haijalidaka.

Gari lenyewe lilikuwa bapa, magurudumu matatu, mgongo mzima umefunikwa paneli za jua. Dereva alilala ndani karibu chali, kifuniko kikishuka juu yake. Waya ndiye aliyemtengenezea kiti.

"Nyoosha mguu. Sasa bega."

"Unapima kiti au unanipima mimi?"

"Kiti. Wewe nilishakupima kwa macho."

"Mshenzi wewe!" Akamtupia glovu, na harufu ya risasi ya kulehemu nyaya ikachanganyika na mafuta ya nywele zake. Waya alisahau namba aliyokuwa anaiandika.

Jioni zikawa za simu.

"Umekula?"

"Nasubiri betri ijae kwanza."

"Yaani betri inakula kabla yako?"

"Ndiyo itakayokubeba, roho yangu. Ikishinda na njaa utaishia njiani, nami nitakuja kukusukuma."

"Basi isijae," akasema Kilo, wakacheka mpaka salio likakata.

Jumanne ya wiki ya mashindano, Waya alipima betri akakuta safu moja ya seli inapata joto kuliko nyingine. Alimfuata nahodha.

"Miaka miwili tumelala na kuamka na gari hili," nahodha akamwambia. "Ukilisema hilo, mhadhiri wetu atatutoa mashindanoni. Pima tena."

Akapima tena. Safari hii joto lilikuwa limeshuka kidogo, na Waya akaing'ang'ania ile namba kama mtu anayezama. Hakumwambia mtu mwingine.

Asubuhi ya mbio, Kilo alimpigia simu akiwa anavaa ovaroli.

"Mbona sauti yako iko mbali leo?"

"Uchovu tu, mpenzi."

"Niambie ukweli. Gari liko sawa?"

Waya aliitazama betri.

"Gari liko sawa."

Mzunguko wa sita Kilo alikuwa wa tatu, watu wamesimama wakipiga mbinja. Ndipo moshi ukatoka nyuma ya kiti. "Simama! Toka!" Waya akapiga kelele kwenye redio. Kilo alisimama palepale. Kifuniko kilikwama. Alikisukuma kwa mkono wa kulia, moto umeshafika, akaendelea kukisukuma kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Waya alipofika na kukivunja, mkono ule ulikuwa umeungua mpaka juu ya kifundo.

Wiki mbili baadaye ripoti ya timu ilisambaa chuo kizima: dereva alipuuza agizo la kusimama. Chini yake yalikuwa majina ya wote, na la Waya likiwemo. Kilo aliisoma kitandani hospitalini, mama yake akimshikia simu, kisha akampigia Waya.

"Jina lako liko pale, Waya."

"Sikuulizwa, waliliweka tu! Kilo, nisikilize, naapa..."

Simu ikakatwa. Kuanzia siku hiyo Kilo hakupokea tena simu zake.

Waya alikwenda mbele ya kamati ya chuo peke yake, akasema yote: seli, nahodha, ukimya wake mwenyewe. Akafukuzwa. Karakana ikafungwa, na wenzake wa miaka miwili wakawa wanavuka barabara kumkwepa wakimwona.

Kilo alipotoka hospitali Waya alikwenda kwao, na baba yake ndiye aliyemfungulia mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usimchoshe."

Kilo alikuwa mezani, shati la mikono mirefu, akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

"Nimesikia wamekufukuza."

"Ndiyo."

"Na ripoti imefutwa. Nilikuchukia bure kwa ile ripoti. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha, tafadhali."

"Lakini betri ulijua."

"Tangu Jumanne."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Kilo aliweka kalamu chini. "Ungesema huna uhakika, ningepanda tu. Kwa ajili yako ningepanda. Lakini ningepanda nikijua."

Waya alipiga magoti sakafuni. "Tuoane, Kilo. Nitakuandikia, nitakufunga vifungo, nitakuwa mkono wako maisha yangu yote. Sitakudanganya tena."

"Ukiniambia chai imepoa, nitachovya kidole kwanza. Ukiniambia mtoto amelala, nitakwenda kumwangalia. Utaishi na mtu wa hivyo?"

"Nitaishi naye."

"Mimi sitaweza kuishi hivyo. Na bado nakupenda, ndicho kinachoniua. Nenda, Waya. Nenda kabla sijakuambia ubaki."

Alisimama. Akanyoosha mkono wa kulia wa kuagana, akakumbuka, akaurudisha. Kilo akampa wa kushoto. Walishikana hivyo muda mrefu, kisha Waya akatoka.

Baba akachungulia. "Nimwite, mwanangu? Bado hajafika barabarani."

Kilo alitikisa kichwa. Mzee alibaki mlangoni, kitasa mkononi, kwa sababu machozi ya binti yake yalikuwa yanasema kitu kingine. Alisubiri mpaka hatua zikaacha kusikika. Ndipo akaufunga mlango, taratibu.