Kicheko Kilichoibwa

Kisanduku kilikuwa wazi juu ya meza ya chumba kidogo nyuma ya ukumbi, na kanda haimo.

Inspekta aliinama akakitazama bila kukigusa. Kilikuwa kisanduku cha bati kilichojazwa pamba, na katikati ya pamba palibaki shimo lenye umbo la kaseti. Pembeni, kinasa sauti cha zamani na vipokea sauti vyake havikuguswa.

"Nani aibe kicheko?" koplo alinong'ona.

"Ndilo tuliloitiwa. Fungua macho, funga mdomo."

Ukumbi ule ulitazamana na kituo cha polisi. Kila mwezi watu wazima waliotoka kazini walijikusanya humo kusikiliza mihadhara ya mambo yasiyoulizwa katika mtihani wowote: kwa nini paka hutua kwa miguu, kwa nini kitunguu humliza asiye na msiba. Jioni hii ilikuwa zamu ya ulimi, na baada ya chai, zamu ya kicheko. Mwenye kicheko, mtafiti mstaafu mwenye mvi, alikuwa amekaa kitini mlangoni na mikono imelala mapajani.

"Mama, kanda uliiona mara ya mwisho lini?"

"Kabla ya mhadhara wa ulimi. Niliiacha hapa nikaenda kukaa na wenzangu."

"Ina nini?"

"Mwanamke anacheka. Nilimrekodi nikiwa msichana, kwenye nyumba ya dobi. Maishani nimekusanya vicheko vingi, afande, lakini hicho ndicho kilichonifanya nianze."

"Nakala ipo?"

"Haipo. Niliogopa mashine itaitafuna." Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Na hiyo rangi?"

"Ya keki. Mhadhiri alitugawia vijiti vya pamba tupake ndimi, tuone vinundu vya ladha. Tulipaka wote, hata bawabu."

Mlango wa chumba hicho ulikuwa nyuma ya meza ya chai. Mama wa chai aliapa kwamba tangu mapumziko yaanze hakupita mtu.

"Labda panya," alisema, "naye ningemuuliza anakwenda wapi."

Basi mwizi aliingia wakati wa mhadhara, taa zilipozimwa kwa ajili ya picha huku rangi ikipitishwa.

"Rahisi, afande!" Koplo alijisahau, sauti yake ikasikika hadi viti vya nyuma. "Wenzake walikuwa wanapaka, yeye anaiba. Asiye na ulimi wa bluu ndiye mwizi!"

Ukumbi ulivuma kama mzinga. Watu waliinuka, wakasukumana, wakachunguliana midomoni. Inspekta alimtazama koplo mpaka koplo akatazama viatu vyake. Kisha akafumba macho kidogo, kama alivyozoea kila kazi inapokuwa ngumu. *Ee Mungu, nionyeshe kilicho mbele yangu.*

Akawapanga mstari. "Ndimi nje!"

Watu wazima, wengine na tai zao, wakatoa ndimi kama watoto wa chekechea. Bluu, bluu, bluu. Halafu bibi mmoja, ulimi safi.

"Huyu hapa!" koplo alidaka.

"Nimefunga, mwanangu," bibi alisema taratibu. "Hata rangi ni kitu cha mdomoni."

Majirani zake wa kulia na kushoto wakathibitisha kwamba hakubanduka. Alikuwa amewashikia vikombe vya rangi. Koplo akaomba radhi.

Inspekta alirudi mwanzo wa mstari. Safari hii hakutafuta ulimi usio na rangi. Alitazama rangi zenyewe. Chai na biskuti zilikuwa zimekwisha kuzififisha. Kila ulimi ulikuwa na bluu ya shati lililofuliwa sana. Isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa bluu ya wino, mbichi, inayong'aa.

Alikuwa kinyozi, mtu mpole, asiyekosa mhadhara.

"Ulikunywa chai?"

"Vikombe viwili, afande."

"Ulimi ulipaka lini?"

"Pamoja na wenzangu."

"Chai iliwasugua wenzako, wewe ikakuogopa?"

Kinyozi akakunja vidole.

"Nionyeshe mikono."

Aliifungua polepole. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa ya bluu.

"Wenzako walipewa vijiti," inspekta alisema. "Wewe ulimsikia koplo wangu, ukachovya kidole kwenye kikombe cha rangi watu wakisukumana. Kanda iko wapi?"

Kinyozi aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kaseti iliyofungwa kwa leso safi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nimeichukua mimi. Ningeirudisha."

"Kwa nini?"

"Ni mama yangu."

Mtafiti akainuka kitini.

"Alifariki kabla sijajua kusema," kinyozi alisema. "Nina picha yake moja tu, amenuna kama anayedai kodi. Mama mdogo aliyenilea husema picha ile ni ya uongo. Husema siku moja alikuja msichana na mashine, mama akacheka mpaka madobi wote wakaweka pasi chini. Tangazo la mhadhara lilisema hivyo hivyo, afande. Pasi na yote."

"Ungemwomba mama huyu. Kuuliza si ujinga."

"Angeniambia nikae nisikilize na wengine. Ukumbi mzima ungecheka, na mimi sijui ningefanya nini. Mtu hukutana vipi na mama yake mbele ya umati?"

Mtafiti aliichukua kanda, akaigeuzageuza.

"Sina malalamiko, afande."

"Mimi nina maelezo ya kuandika. Kesho utakuja kituoni mwenyewe," inspekta alimwambia kinyozi. "Sasa ingia."

Wakaingia wanne, mlango ukafungwa. Mtafiti alimvalisha vipokea sauti, akabonyeza. Kinyozi alisikiliza ameinamisha kichwa, machozi yakidondoka mezani bila sauti. Kanda ilipokwisha hakuvivua.

"Alikuwa anacheka nini?"

"Wewe," alisema mtafiti. "Ulikuwa mgongoni mwake. Kila nikimsogezea kipaza sauti, kimkono kinatokea begani, kinakinyakua. Nikikitoa, unakinyakua tena. Kwa hiyo leo si mara yako ya kwanza kuniibia."

Kinyozi alimkodolea macho. Kisha kikamtoka kicheko, kikubwa, cha kukatika pumzi, na mtafiti akajishika kifua kwa kuwa alikitambua. Koplo, pingu mkononi, alijaribu kujizuia akashindwa. Inspekta naye akageukia ukutani.

Nje, ukumbi ulikuwa umetulia ukisubiri. Mama wa chai ndiye aliyeanza. Halafu bibi aliyefunga, halafu mstari wa mbele, halafu wote, na hakuna hata mmoja aliyejua anacheka nini.