Bili ya Nyumba Tuliyohama

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Alikuwa dobi. Jua likichomoza, kamba zake tatu zilikuwa zimeshajaa mashati, na kola zote zimetakata. Mumewe, fundi rangi, alibandikwa jina la Baba Povu bila kuombwa ruhusa. Hakununa. Alijivunia mkewe kuliko alivyokubali kusema.

Siku moja meneja wa nyumba ya wageni alimjia Mama Povu.

"Mama, nina vitanda arobaini. Nataka unifulie mashuka yote. Lakini kwa mikono hutaweza. Tafuta mashine. Nitakusubiri miezi miwili."

Mama Povu akavaa gauni lake la heshima, akaenda benki kuomba mkopo. Afisa mikopo, binti mpole mwenye miwani, aliingiza jina lake kwenye kompyuta.

"Mama, ombi lako halitapita. Jina lako lina deni la maji."

Mama Povu aliona aibu, kisha hasira. "Binti yangu, mimi sijakopa hata chumvi kwa jirani. Bili ya maji nalipa kabla ya tarehe."

"Hii ni ya nyumba ya zamani, karibu na kiwanda cha matofali. Ulihama lini?"

"Mwaka juzi. Nilimkabidhi mwenye nyumba funguo, tukaagana vizuri."

"Na ofisi ya maji uliiaga?"

Mama Povu akatikisa kichwa kukataa.

"Mita ilibaki kwa jina lako," binti alieleza. "Bili ya mwisho ilikuja umeshahama. Wapangaji wapya wakaendelea kutumia maji, deni likakua. Ofisi ya maji ikapeleka jina lako kwenye kampuni inayotunza taarifa za madeni. Sisi benki tunasoma taarifa hizo kabla ya kukopesha. Bili ya nyumbani si mkopo, lakini usipoilipa inaweza kukunyima mkopo."

"Sasa nifanyeje?"

"Omba ripoti yako kwa kampuni hiyo uisome mwenyewe. Kisha nenda ofisi ya maji na ushahidi wa siku uliyohama. Kilicho chako, lipa. Kisicho chako, kipinge kwa maandishi."

Nyumbani, Baba Povu alikuja juu. "Usilipe kitu. Waliotumia maji walipe wenyewe."

"Mwezi ule wa mwisho ni wetu, Baba Povu. Tulioga, tukapikia, nikafua nguo za watu. Huo nitaulipa."

Mumewe akajikuna kichwa. Kesho yake alimsindikiza kwa mwenye nyumba wao wa zamani. Mzee huyo aliwaandikia barua yenye tarehe waliyokabidhi funguo.

Ofisi ya maji ililinganisha tarehe na usomaji wa mita. Deni la wapangaji likaondolewa kwenye jina lake. Mama Povu akalipa mwezi wake, akafunga akaunti ile, akapewa risiti na barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi.

"Jina langu limeshasafika?" akamuuliza karani.

"Bado, mama. Marekebisho huchukua wiki kadhaa. Nakala ya barua hii ipeleke benki."

Akaipeleka. Kisha akaenda kwa meneja na kumweleza yote bila kuficha. Haikuwa rahisi kwa mtu mwenye kujiheshimu kama yeye. Meneja alimsikiliza, akasema miezi yake miwili haijaisha.

Wiki zile za kusubiri, jirani yao mmoja alihama. Mama Povu alimfuata mpaka kwenye gari la mizigo. "Shoga, mita umeisomesha? Akaunti umeifunga? Umepewa karatasi?" Jirani alicheka, lakini alishuka, akaenda ofisi ya maji kwanza.

Wiki ya sita, binti wa benki akapiga simu. Mkopo umepita.

Mashine ilishushwa na wanaume wanne. Baba Povu alitoa amri nyingi, hakuna aliyemsikiliza. Majirani walijaa mlangoni kutazama. Mama Povu alisimama kando, kifua mbele, akiona fahari ambayo hakujaribu kuificha. Jina lake lilikuwa safi, na alilisafisha mwenyewe.

Meneja alipiga simu saa ile ile. "Mama, tuanze na mashuka ya vitanda vingapi? Kumi?"

"Leta ya vitanda vyote arobaini," alisema Mama Povu.