Mpangaji wa Kadi ya Mtandao

Taa ndogo ya kijani nyuma ya seva ya hospitali ilizimika, na umeme ulikuwepo. Feni zilivuma kama kawaida, waya ulikaa sawasawa, lakini taa ilikuwa imefumba jicho kama mlevi kwenye benchi.

Fundi wa kompyuta aliguna. Na msidhani ni fundi wa kubahatisha. Huyu angekuunganishia mtandao kwa uzi wa kushonea. Waya alishabadilisha, swichi alishabadilisha. Kilichobaki kubadilisha kilikuwa kazi yenyewe.

Simu ikalia. Mkewe, muuguzi wa wodi ya upasuaji ghorofa ya juu.

"Baba Mapacha, mtandao umekufa tena! Majibu ya damu hayafunguki na mgonjwa yuko mezani!"

"Wapigie maabara."

"Hawapokei. Wewe huko unafanya nini, unaibembeleza seva ilale?"

Aliinamia skrini, macho yakimuwasha. Akafungua mipangilio ya kadi ya mtandao, ile kadi inayoiunganisha seva na hospitali nzima. Hapo pana kisanduku kinachoiruhusu kadi ilale ili kuokoa umeme. Kilikuwa na tiki. Asubuhi aliitoa kwa mkono wake. Jana pia. Na ufunguo wa chumba anao yeye peke yake.

Akaitoa tena. Tiki ikarudi taratibu, kipanya hakijaguswa.

Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda. Kisha mvumo wa feni ukapungua ukawa pumzi, pumzi ya mtu mzima aliyekatishwa usingizi, ikatoka nyuma ya kabati, ikapita chini ya meza, ikamfikia miguuni, ikapanda polepole na baridi yake mgongoni hadi sikioni, na hapo ikageuka sauti iliyochoka kuliko hata yake yeye.

"Fundi. Niache nilale."

Mwingine angetoka mbio. Huyu alikuwa amechoka mno hata kukimbia.

"Nani wewe?" akanong'ona.

"Mpangaji. Kadi hii imetulia. Mkinyamaza, nalala. Na wewe kila mara unaniamsha."

"Mzee wangu, huko juu mtu anakufa."

"Na mimi nina usingizi."

"Kwani nani hana?" Uchovu ukaishinda hofu, ulimi ukamponyoka. "Lala popote unapotaka, mradi si humu!"

Harufu ikakatika. Tiki ikajifuta, taa ya kijani ikafumbua jicho, na simu ikalia.

"Yamefunguka! Damu imepatikana, mgonjwa anapumua. Jioni uje nyumbani ule, mume wangu."

Ilipofika jioni, fundi alifunga mlango, akajisifu njia nzima kwamba amehamisha jini bila hata kuchoma ubani.

Mezani, mkewe alisimulia jinsi mgonjwa alivyoomba maji. Mapacha wakagombana, wakatulizwa. Kisha ukaja ule upenyo mdogo ambapo nyumba nzima hunyamaza pamoja.

Kijiko cha fundi kikaganda hewani. Macho yalikuwa wazi, hayamwoni mtu. Kifuani mwake ukaanza mvumo mwembamba, usiokatika.

"Baba Mapacha?" Mkewe akamtikisa bega. "Baba Mapacha, acha utani, watoto wanaogopa!"

Midomo ya mumewe haikucheza. Sauti ilitoka nyuma ya meno, nzito, karibu ya kuomba.

"Taratibu, mama. Mwenye nyumba alinikaribisha mwenyewe."