Kitumba cha Kioo

Kauthar wa Shelui hugeuza chupa tupu kuwa maua. Huziyeyusha kwenye tanuri, akazipuliza kwa bomba la chuma, na ukiyaona utataka kuyanusa. Waridi hataki hata kulisikia. Yeye huiga maua ya porini yanayotoweka.

Ndivyo alivyofika kilimani, upande wa Misigiri, kwenye ua la zambarau ambalo wenyeji walisema limebaki hilo moja tu. Alilichimba kwa kisu, na mzizi wake, akaondoka mbio kuwahi basi. Kesho yake mfano wake, kitumba cha kioo kisichochanua, ulikuwa tayari, umezibwa kila upande. Kilipendeza kupita kiasi.

Asubuhi iliyofuata kilikuwa na udongo ndani.

Alikigeuza, akakikagua. Hakikuwa na ufa. Kufika adhuhuri udongo ulikuwa umepanda. Chumbani, bintiye Maryam, mtoto asiyejua kutulia, alikuwa amelala chali, miguu ya baridi.

"Mama, mbona mnanifukia?"

Jirani yao Luciana, Mnyiramba mtu mzima, alikuja kumjulia hali. Alipokiona kile kioo akashusha sauti.

"Ulipochimba, shimo ulilifukia?"

"Sikulifukia, mama."

"Ee Mungu wangu! Ukichimba mzizi unafukia. Shimo likibaki wazi linamngoja mtu. Kimbia, mwanangu!"

Kauthar alipanda bodaboda, roho mkononi. Watoto wa wakulima wanalijua hilo tangu wadogo. Yeye alikulia dukani, nani angemwambia?

Shimo aliloliacha lilitosha ngumi. Sasa lilikuwa na urefu wa mtoto. Kingo zimenyooka. Hapakuwa na alama ya jembe. Alifukia kwa mikono. Kucha zikakatika. Akalia, akafukia.

Aliporudi, Maryam alikuwa mkekani, anakunywa uji. Kauthar alimkumbatia huku anacheka na kulia. Mtoto akamwamkia Luciana kwa Kinyiramba, kile cha wazee wa zamani. Luciana akaitikia. Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Nani kamfundisha?" alinong'ona.

Hakuna. Nyumba ile inasema Kiswahili tu.

Kauthar akakichukua kitumba. Udongo haukuwepo. Kioo kilikuwa na ukungu, na kwa ndani, alama za vidole vitano vidogo kama vya Maryam. Alipoweka kidole chake kwa nje, zikasogea kukifuata.

Hadi leo hutembea nacho kifuani, kimeviringishwa kwenye khanga. Ukimgusa bega tu, anapiga yowe kwamba utamvunja mwanawe.