Dawa ya Kupe Ndani ya Banda

Mwaka 1974, nikiwa kidato cha pili, hapakuwa na Kiingereza cha kunishinda. Nilisoma kwa sauti hata maandishi ya kwenye gunia la mbolea, majirani zetu pale Masama wakacheka wakishika mbavu. Wakaniita Msomi, nami nikaitika.

Asubuhi moja ya likizo nilikuwa nakatakata migomba ya kumlisha ng'ombe wetu. Alikuwa mmoja tu na, kwa desturi ya kwetu, hakutoka nje. Alilishwa ndani ya banda lililozibwa pande zote, macho ya watu yasimfikie. Baba, Mzee Elisaria, akarudi kutoka Moshi mjini na chupa ya dawa ya kupe.

"Aminieli, hebu nisomee."

Nikaikodolea macho ile karatasi ya chupani. Maneno marefu kama treni ya Tanga! Niliyatambua mawili tu: ng'ombe na maji.

"Changanya na maji, baba. Basi."

"Nimtoe nje?"

"Umtoe aende wapi, sokoni? Mpulizie mle mle, kupe wakose pa kukimbilia!"

Baba akacheka. "Kweli imeandikwa hivyo?"

"Kwani shuleni nafuata uji?"

Akakoroga dawa kwa mkono mtupu, akaingia na bomba, akafunga mlango. Alipotoka, shati lilikuwa limelowa, mate yanamtiririka na mikono inatetemeka. Alisema ni uchovu. Kufika adhuhuri akaanguka. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, akapelekwa hospitali. Siku ya tatu akafariki. Tukamzika kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba yake.

Baada ya matanga alikuja bwana mifugo, Bwana Theodory. Alimtoa ng'ombe hadi uwanjani, majirani wote wakitazama. Akavaa glavu na buti, akajifunga kitambaa puani, akasimama upepo ukimpiga mgongoni, akampulizia dawa. Alipomaliza, alinawa kwa sabuni.

"Hii ni sumu," alisema. "Usiipulizie ndani. Na kama hujaelewa maandishi yake, usiifungue, niite. Kusema 'sijui' hakujawahi kuua mtu."

Kisha akauliza kwa upole, "Marehemu hakupata wa kumsomea?"

Watu wote wakanigeukia.

"Hakuniuliza," nilisema. "Alijiamulia mwenyewe."

Mdogo wangu Tabitha, wa miaka tisa, alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe. Hakunitazama. Alimtazama mama.

"Alimwuliza, mama. Mara mbili. Nilikuwa hapo nafagia."