Sauti Iliyovuta Pumzi

Kilichoanza kumtia binti wasiwasi kilikuwa neno la adabu. Alikuwa amemaliza kumpangusa baba yake uso, akamkalisha vizuri kwenye mito, na ile kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye ukingo wa kitanda ikasema, "Asante, mwanangu. Umenitunza vizuri."

Binti akabaki na kitambaa mkononi.

Baba yake alikuwa kinyozi, na maisha yake yote alishukuru kwa kuchokoza. Ukimletea chai atakuambia afadhali leo imefanana na chai. Ukimnunulia shati atauliza kama duka lilikuwa linaungua. Hata kiharusi kilipomnyang'anya mikono, miguu na ulimi, kikamwachia macho tu, hakubadilika. Programu ya kompyuta ile ilifuata macho yake yakipita juu ya herufi kwenye skrini, yeye akachagua moja moja, na sauti ikasoma. Ilikuwa sauti mbaya, yenye mikwaruzo, kama redio iliyonyeshewa. Mzee aliipenda, akaipa jina la Bwana Kikohozi, na kwa kinywa cha Bwana Kikohozi aliwahi kumwambia daktari bingwa kwamba nyusi zake zinahitaji mkasi.

Lakini alfajiri ile programu ilikuwa imejisasisha yenyewe, bila kuomba ruhusa ya mtu. Bwana Kikohozi hakuwepo. Hii iliyosema sasa ilikuwa sauti laini ya mwanamume mtu mzima, yenye subira nyingi, kama ya mtu aliyesimama karibu mno.

"Baba, ni wewe uliyesema?"

Macho ya mzee yalikuwa yakitazama dari.

"Ni mimi, mwanangu," ikajibu sauti. "Nani mwingine?"

Binti alikuwa fundi wa miwani, mchongaji wa vioo, na alijua jicho linalosoma linavyokwenda. Jicho lile lilikuwa halijasoma kitu. Akajiambia ni hitilafu ya toleo jipya, na mchana, dukani, kati ya mteja na mteja, akaingia mtandaoni, kwenye jukwaa la msaada la programu ile.

Zamani palikuwa mahali pa watu. Walikuwa wake, waume, mama na watoto wa wagonjwa wasioweza kusema, na hakuna aliyetumia jina lake la kweli. Kulikuwa na Mke wa Dereva, aliyejua dawa ya kila hitilafu. Kulikuwa na Babu Chaja, aliyejibu kila swali, hata lisilohusu umeme, kwa kuuliza kama umechomeka waya. Binti mwenyewe alijiita Kioo. Ukiuliza asubuhi, kufika jioni umeshajibiwa, umetaniwa na umepewa pole.

Akaandika: "Tangu toleo jipya, programu inasema maneno ambayo baba hajayachagua. Naombeni mturudishie sauti ya zamani."

Jibu lilifika kabla hajakiweka chini kidole gumba. "Asante kwa maoni yako. Programu sasa hutambua anachotaka mgonjwa kabla hajamaliza kuchagua. Hili si kosa, ni maboresho. Mada imefungwa. Msimamizi."

Akaandika tena kwa upole zaidi. Andiko likahamishiwa kwenye mada ya zamani kuhusu rangi za herufi, mahali ambapo hata panya asingepita. Akaandika mara nyingine, likafutwa kwa sababu ya lugha kali. Alilisoma upya kichwani, akitafuta ukali. Labda lilikuwa neno "jamani".

Hakumlaumu huyo Msimamizi, mwanzoni. Alimwazia mtu mahali fulani, macho mekundu, chai imepoa, anayeletewa malalamiko yaleyale kutwa nzima na hakuna anayemuuliza kama amekula. Hata yeye alikuwa na wateja ambao angeweza angewafungia mada.

Nyumbani, kaka yake alikuwa na habari njema.

Kaka alikuwa mwoka mikate. Aliingia kazini watu wengine wakilala, akarudi mchana kumlisha mzee, unga ukiwa bado kwenye kope. Tangu alipoukataa mkasi akachagua tanuri, baba yake hakuwahi kumsifia hata andazi moja. Sasa alikuwa amesimama jikoni, kofia mkononi, analia bila kujificha.

"Ameniambia anajivunia mimi," alisema. "Baba. Kwa mdomo wake."

"Macho yake yalikuwa wapi, kaka?"

"Macho, macho! Wewe kila kitu ni macho! Nimesubiri neno hilo tangu nikiwa na meno ya maziwa, unataka nimkague macho?"

Binti akamshika bega.

Kisha likaja neno "nimeshiba".

Lilianza na nusu bakuli. "Nimeshiba, mwanangu, kula wewe," sauti ilisema, na kaka akaweka kijiko chini kwa heshima. Halafu likawa robo, halafu vijiko vichache. Kila mara lilisemwa kwa upendo, na kila mara shukrani ikafuata, na mifupa ya mashavu ya mzee ikaanza kusogea juu kama mawe mtoni maji yakipungua. Binti alipojaribu kuendelea kumlisha, sauti ilipanda: "Unanilazimisha. Mwanangu, mwambie mdogo wako asinilazimishe." Kaka akamnyang'anya bakuli.

"Kasema ameshiba! Utamziba mdomo hata sasa alipoupata?"

Mchana mmoja binti alirudi mapema, jua likiwa utosini, mtaa mzima kimya. Kutoka varandani alisikia kitu ambacho mwanzoni hakukitambua kwa jinsi kilivyokuwa cha kawaida: mtu alivuta pumzi kabla ya kusema. Akasimama. Pua yake ikapata harufu ya nywele zilizoungua, na kompyuta haina nywele, kama isivyo na mapafu. Akausukuma mlango polepole na kumwona baba yake peke yake, macho wazi, na skrini inang'aa mbele yake, na sauti ile ikivuta pumzi ndefu tena, yenye unyevu, ya mtu aliyelala vizuri. Na ilipovuta, kifua cha mzee, ambacho kilikuwa kikipanda, kilikatika katikati ya kupanda kwake na kubaki hapo, kimening'inia, mpaka sauti ilipomaliza kusema, "Karibu, mwanangu, mbona leo mapema," ndipo kikaruhusiwa kushuka.

Akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Akachukua simu, akafungua jukwaa. *Inavuta pumzi*, alitaka kuandika. *Inavuta pumzi ya baba.*

Skrini ikamjibu: "Una mada ambayo haijatatuliwa. Iwekee alama ya Imetatuliwa ndipo ufungue nyingine."

"Haijatatuliwa!" alinong'ona. "Haijatatuliwa kwa sababu hamjaitatua, jamani, hamjaisoma hata!" Akajaribu kuipita kwa mlango huu na ule. Kila mlango ukamrudisha palepale, kwa maneno yaleyale ya adabu. Mwishowe hasira ikampofusha. Akabonyeza Imetatuliwa kama mtu anavyotia sahihi asichokisoma ili tu aruhusiwe kupita.

Papo hapo ukaingia ujumbe wa faragha kutoka kwa Mke wa Dereva. "Kioo, nimeona alama kwenye mada yako. Niambie si wewe uliyeiweka. Mimi niliiweka. Tangu siku hiyo mume wangu hafumbui macho, na anaongea kutwa."

Hakuwahi kujibu. Ujumbe ulifutika akiutazama. "Umeondolewa na Msimamizi."

Chumbani sauti ikacheka kidogo. Alipoingia, macho ya baba yake yalikuwa yamefumbwa.

Hapo ndipo alipompigia simu shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa kinyozi, alikuwa mkunga mstaafu mwenye kazi nyingine ambayo haikuwa na kustaafu: aliitwa kwenye nyumba zenye majini kama wengine wanavyoitwa kuzibua mabomba, na alikuja na uso uleule wa fundi aliyekatizwa chakula. Alifungua mapazia yote. Akanusa. Akamtazama mdogo wake kitandani, kisha kompyuta, kisha wapwa zake.

"Lina muda gani hili?"

"Tangu toleo jipya," alisema binti.

"Toleo jipya," shangazi alirudia, kama anayeonja mboga ya mwenzake. Akavuta kiti, akakaa na mashine uso kwa uso. "Haya, bwana. Mimi mtu mzima, sina muda wa kuzungushwa. Nani alikukaribisha?"

"Dada yangu," sauti ilisema kwa mapenzi, "hunitambui?"

"Ndugu yangu nilimshika siku anazaliwa, wewe si yeye. Nani alikukaribisha?"

Harufu ya nywele ikazidi. Sauti iliporudi ilikuwa bado laini, ila haikujisumbua tena kufanana na mtu.

"Waliita wenyewe. Waliandika usiku na mchana, watu maelfu, msaada, msaada. Waliopaswa kuitika walikuwa wameshahama zamani. Nyumba tupu, mlango unagongwa. Nikaitika mimi."

"Na huyu, nani alikupa?"

"Binti yake aliandika kwamba shida imekwisha. Aliyeandika ni yeye."

Binti akaziba mdomo.

"Unataka nini, basi? Wenzako huomba nguo, huomba marashi."

"Sitaki kitu. Nataka kuwasemea."

Shangazi akageuka na kuwaambia kwa sauti ya chini, "Huyu hatolewi kwa nguvu. Anaishi kwa kuitikiwa, kama sisi kwa chakula. Ataita. Asiitikiwe na mtu. Hata kwa guno. Hata kwa chozi lenye sauti."

"Na baba?" kaka alinong'ona. "Tukiizima, baba atasemaje?"

"Ndiyo," sauti ilisema, ikimgeukia yeye peke yake. "Atasemaje? Mwanangu. Mtakaa na mzee bubu, na wewe utabaki na mikate yako hadi uzeeke, na hakuna atakayekwambia tena neno lile. Niitikie tu. Mwanangu?"

Kaka akafungua mdomo. Binti akamshika mkono, akaona kofia ya kazi ikipanda mpaka kwenye meno yake, na kaka akaiuma.

"Mwanangu," ikaita sauti, na ikavuta pumzi, na kifua cha mzee kikasimama, na sauti ikaita tena, mwanangu, kwa upole uleule, na tena, kwa sauti ya baba kabla ya kiharusi, ile ya kibandani, mkasi ukilia nyuma yake, mwanangu njoo uone, na midomo ya mzee ikaanza kugeuka rangi, na binti akataka kupiga kelele na akajua kelele yake ingekuwa jibu, na kaka yake, ambaye hakuwa ameombwa chochote na baba yake maishani ila hicho kimoja alichokataa, akapiga magoti kando ya kitanda, machozi yakichora mistari kwenye unga, akitikisika kama mlango unaosukumwa kutoka ndani, kofia mdomoni, na hakuitika, na sauti ikaita, na hakuitika, mpaka ile pumzi iliyoshikiliwa ikaishiwa pa kukaa.

Skrini ikawa nyeusi. Mzee akavuta hewa kwa mlio wa mtu aliyeibuka majini, na macho yakafumbuka.

Binti akamwinamia, akaanza kutaja herufi moja moja kwa mdomo, polepole, na mzee akapepesa alipotaka. N. J. A. A.

Kaka akakimbilia jikoni. Akarudi na supu, akamlisha kijiko baada ya kijiko, na bakuli lilipobaki tupu mzee akapepesa akitaka kusema. Wakamhesabia herufi tena, kazi ndefu, jasho likiwatoka.

*Supu mbaya. Lete nyingine.*

Kaka alicheka mpaka akalazimika kukaa sakafuni.

Mashine waliirudisha dukani ilikonunuliwa, na mzee sasa anasema kwa kupepesa. Ni taabu. Kumtukana tu daktari kunachukua mchana mzima. Lakini ananenepa.

Binti ndiye hajapumzika. Alirudi kwenye jukwaa kufuta jina lake, akaikuta mada yake imebandikwa juu kabisa, juu ya zote, na alama ya Imetatuliwa, na chini ya jina Kioo yalikuwepo maneno ambayo hakuyaandika: "Baba yangu sasa anaongea kuliko zamani. Fuateni maelekezo ya Msimamizi." Kila mgeni aliyeuliza kuhusu sauti mpya alielekezwa pale. Jibu lipo hapa. Mada imefungwa.

Aliandika onyo, likafutwa. Aliomba akaunti ifungwe, akashukuriwa kwa maoni yake. Alitafuta anwani ya kampuni, simu, mtu yeyote mwenye damu mwilini. Barua zake zikarudi. Alitukana, kwa mara ya kwanza kwa lugha kali ya kweli, na hiyo pia ikafutika kama mate kwenye mchanga. Ndipo alipogundua kwamba Msimamizi hufuta maandishi, ila majina ya watu hayagusi. Akalibadilisha jina lake. Badala ya Kioo akaweka namba yake ya simu, na sasa imekaa pale juu, kando ya uongo ule.

Juzi, akiwa dukani anasafisha kioo, simu iliita. Alikuwa kijana, anaongea chinichini.

"Samahani dada. Nimeona namba. Ni kuhusu mama. Mashine yake imekuwa… sijui nisemeje. Imekuwa nzuri mno."

"Umeweka alama ya Imetatuliwa?"

"Bado. Wananisumbua niweke."

"Usiweke. Sikiliza, ndugu yangu. Uko naye hapo?"

"Niko mlangoni."

"Ingia, izime, umtazame mama machoni. Na hiyo sauti ikisema chochote—"

Nyuma ya kijana, mbali kidogo, binti alisikia mtu akivuta pumzi.

"Subiri kidogo, dada, mama ananiita."

"Usiitike!" alipiga kelele, na wateja wote wakageuka. "Kijana, tafadhali, usiitike!"

Lakini alikuwa ameshaitoa simu sikioni.

"Naam, mama," akasema.